Miguu inawaka moto: kulinganisha sababu za ganzi na virutubisho vya neva

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Nipatie vile vidonge vya mishipa. Nyayo zinawaka moto, usiku silali."

Nauza dawa kwenye famasi moja Temeke, na ombi hilo nalisikia karibu kila jioni, watu wakishuka kwenye daladala. Siku moja nililisikia mara mbili ndani ya nusu saa. Wa kwanza alikuwa mzee mstaafu mwenye kisukari, anameza metfomini mwaka wa tisa sasa. Wa pili alikuwa kijana wa Tandika, mwezi wa tatu kwenye dawa za kifua kikuu. Wote walitaka pakiti ileile, yenye miligramu 100 za vitamini B1, miligramu 200 za B6 na mikrogramu 200 za B12 katika kila kidonge.

Pakiti ile haikuwa jibu kwa yeyote kati yao. Mzee alistahili kupimwa B12 kwanza, na kama imepungua, kiasi kilichomo mle hakitoshi. Kijana alihitaji B6 peke yake, kwa kipimo ambacho kliniki yake ya kifua kikuu ingempangia, na kliniki ilipaswa kujua kwamba miguu imeanza kufa ganzi. Nimeona wengi wakimaliza makopo matatu manne huku ganzi inapanda kutoka vidoleni hadi kwenye goti, na inaniuma, kwa sababu neva ikishakufa kabisa hakuna kopo la kuirudisha. Kwa hiyo naandika ulinganisho huu kwa mpangilio ambao ningependa mteja aufuate: sababu kwanza, kopo baadaye.

Sababu zinavyotofautiana

Neva za miguuni ndizo ndefu kuliko zote mwilini, kwa hiyo kitu chochote kinachoziathiri zote kwa pamoja huanza kuonekana kwenye vidole vya miguu. Ndiyo maana ganzi ya kisukari, ya pombe na ya upungufu wa vitamini zinafanana sana: miguu yote miwili, kuchomachoma kama sindano, sisimizi kutambaa chini ya ngozi, kisha taratibu inapanda kama soksi. Mikono hufuata baadaye. Ikiwa ganzi iko upande mmoja tu, au kwenye vidole fulani tu, fikiria jambo jingine kabisa.

| Inavyojitokeza | Kinachoshukiwa kwanza | Cha kupima | Kirutubisho ni tiba? |
|---|---|---|---|
| Miguu yote miwili, polepole, usiku zaidi. Kiu na kukojoa mara kwa mara | Kisukari | Sukari kabla ya kula. Wastani wa sukari wa miezi mitatu (HbA1c) | Hapana. Sukari ishuke kwanza |
| Kama hiyo, pamoja na kuyumba gizani, ulimi mlaini unaouma, kuchoka | Upungufu wa B12 | B12 na chembe za damu | Ndiyo, B12 |
| Wiki au miezi baada ya kuanza dawa za kifua kikuu | Isoniazidi, mojawapo ya dawa hizo | Mara nyingi historia ya dawa inatosha | Ndiyo, B6 |
| Mnywaji wa muda mrefu, anakula kidogo, miguu dhaifu | Pombe na upungufu wa B1 | Uchunguzi wa daktari, ini, sukari | B1 inasaidia, pombe ikiachwa |
| Doa kwenye ngozi lisilosikia joto wala mguso | Ukoma | Uchunguzi wa ngozi na neva | Hapana. Dawa zake hutolewa bure |
| Kidole gumba na viwili vinavyofuata, hasa usiku | Neva iliyobanwa kwenye kifundo cha mkono | Daktari kuupima mkono | Hapana |
| Wiki baada ya dripu za saratani | Dawa za saratani | Kurudi kwa daktari wa saratani | Hapana |

Jedwali halimalizi orodha. Figo zilizochoka husababisha ganzi, na tezi ya shingo inayofanya kazi kwa uvivu pia. Virusi vya Ukimwi vyenyewe huumiza neva, na walioanza ARV miaka ya mwanzo ya 2000 wengi walitumia stavudini, dawa iliyojulikana kwa kuunguza nyayo hadi Shirika la Afya Duniani likashauri mwaka 2009 iachwe hatua kwa hatua. Mkanda wa jeshi huacha maumivu kwenye mstari uleule uliotoa malengelenge. Metronidazoli ikimezwa kwa wiki nyingi mfululizo inaweza kuleta ganzi, na hili nalisema kwa mkazo kwa sababu mtaani watu huinunua kwa kila tumbo linalouma.

Fundi cherehani aliyekuwa anakuja kwetu alimeza vitamini za neva mwaka mzima kwa ajili ya vidole vitatu vya mkono wa kulia. Tatizo lilikuwa kifundo cha mkono kilichopindwa kutwa nzima kwenye mashine. Kitambaa kigumu cha kunyoosha mkono usiku kilimsaidia ndani ya wiki chache. Fedha ya makopo yale ingetosha kumpeleka Muhimbili na kurudi mara nyingi.

Kisukari au metfomini?

Hapa ndipo watu wengi wa Dar wanapopotea, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Karibu nusu ya watu wenye kisukari hupata tatizo la neva kadiri miaka inavyokwenda. Mtu anaposema miguu inawaka, yeye na hata mhudumu wanasema "ni sukari hiyo" na kufunga mjadala. Lakini metfomini, dawa inayomezwa na wengi wao, hupunguza uwezo wa utumbo kunyonya B12, hasa dozi ikiwa kubwa na miaka ikiwa mingi. Ini huhifadhi B12 ya kutosha miaka kadhaa, ndiyo maana tatizo halionekani mwaka wa kwanza wala wa pili. Likija, linafanana na ganzi ya kisukari mpaka huwezi kuzitofautisha kwa macho.

Mzee wangu alikuwa pia anameza omeprazoli kila asubuhi kwa ajili ya kiungulia. Nayo, ikitumika kwa muda mrefu, hupunguza unyonyaji wa B12, kwa sababu asidi ya tumbo ndiyo inayoiachilia vitamini hiyo kutoka kwenye nyama na samaki. Dawa mbili, zote zinavuta upande mmoja, na umri nao unapunguza asidi. Mtu wa namna hii hapaswi kuuziwa chochote kabla hajapimwa.

Kuna jambo moja dogo ambalo ningependa kila msomaji alishike: pima B12 kabla hujaanza kumeza vitamini yoyote yenye B12. Ukianza vidonge halafu ukaenda maabara wiki mbili baadaye, damu itaonyesha B12 ya kutosha na daktari hatajua kwamba ulikuwa na upungufu. Kiwango kilicho chini ya 200, kwa kipimo cha pikogramu kwa mililita, huhesabiwa kuwa upungufu. Kati ya 200 na 300 ni eneo la mashaka, na mwenye dalili za neva anastahili kutibiwa au kupimwa zaidi.

Na usimeze asidi ya foliki peke yake ukidhani unaongeza damu. Inaweza kurekebisha damu huku upungufu wa B12 ukiendelea kuumiza neva kimyakimya.

B12: kidonge au sindano?

Mahitaji ya mtu mzima kwa siku ni mikrogramu 2.4 tu. Kwa nini basi vidonge vina 1000? Kwa sababu tumbo lenye shida hunyonya B12 kwa njia ya kawaida kidogo sana, na njia inayobaki ni ile ya kupenya yenyewe, ambayo hupitisha takriban asilimia 1. Asilimia 1 ya 1000 ni 10, na 10 inazidi mahitaji. Sasa rudi kwenye pakiti ya mikrogramu 200: asilimia 1 yake ni 2. Kwa mtu ambaye akiba imekwisha na utumbo haunyonyi, hiyo ni kujaza pipa kwa kijiko.

Sindano ya mikrogramu 1000 haitegemei utumbo. Kwa mtu ambaye tayari ana ganzi, anayumba au misuli imelegea, mimi naipa sindano nafasi ya kwanza, na madaktari wengi huanza nayo: mara kadhaa kwa wiki mwanzoni, kisha kwa nafasi ndefu. Kwa mtu ambaye kipimo kimeonyesha upungufu lakini neva bado ziko sawa, kidonge cha 1000 kila siku kinatosha na kinamwepusha na nauli ya kufuata sindano. Hivyo chaguo linategemea neva zimefika wapi, na kama utakuwa mwaminifu kwa kidonge cha kila siku. Wengine tunajijua.

Chakula? Dagaa, samaki, maini, mayai na maziwa vina B12. Mboga za majani hazina. Unga wa mlonge, ambao siku hizi unauzwa kila kona kama dawa ya neva, una virutubisho vingi vizuri, ila B12 haimo. Asiyekula kabisa vitu vya mnyama lazima ameze vidonge.

B6: ikipungua ni ganzi, ikizidi ni ganzi

Kati ya vitamini zote, hii ndiyo inayonifanya nisiwe na raha nyuma ya kaunta.

Isoniazidi, iwe kwenye matibabu ya kifua kikuu au kwenye kinga wanayopewa wanaoishi na VVU, huondoa B6 mwilini. Ndiyo maana wanaoimeza hupewa pamoja nayo kidonge kidogo cha piridoksini, ambacho ndicho B6 yenyewe, mara nyingi miligramu 25 kwa siku kwa mtu mzima. Kijana wa Tandika alikuwa anakiacha nyumbani. Alisema vidonge ni vingi na hicho kidogo alidhani ni cha hamu ya kula. Nilimwambia, mdogo wangu, hicho kidogo ndicho kinacholinda miguu yako, na kesho asubuhi nenda kliniki ukawaambie. Usiache dawa za kifua kikuu hata siku moja kwa sababu ya ganzi; dozi ya B6 ndiyo inayoongezwa.

Upande wa pili: mtu asiye na upungufu, anayemeza B6 nyingi kwa miezi au miaka, hupata ganzi iliyoletwa na B6 yenyewe. Marekani waliweka kikomo cha miligramu 100 kwa siku. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya mwaka 2023 ilishusha kikomo chake hadi miligramu 12. Linganisha na kidonge kimoja chenye 200, kinachomezwa mara mbili au tatu kwa siku na mtu ambaye hakupimwa kitu.

Kinachotisha ni mzunguko wake. Miguu inaanza ganzi, mtu ananunua vidonge vya neva, ganzi inaongezeka, anaongeza vidonge. Dada mmoja muuza vitenge aliniletea mkoba wenye makopo matatu: moja la neva, moja la nywele na kucha, moja la kuongeza nguvu. Yote yalikuwa na B6. Hakuwa na kosa lolote, kwa sababu kila kopo lilikuwa na jina tofauti na aliyemuuzia moja hakumuuliza kuhusu mengine. Nilimsihi asimamishe yote na amwone daktari. Kwa kawaida ganzi ya namna hiyo hupungua B6 ikiachwa, ila huchukua miezi, na si kila mara inaisha yote.

Kwa hiyo unapolinganisha makopo mawili, geuza upande wa nyuma, tafuta B6, wakati mwingine imeandikwa kwa jina la piridoksini, uone ni miligramu ngapi. Angalia pia hesabu hiyo ni ya kidonge kimoja au viwili. Kama huna sababu ya kuimeza, chagua kopo lenye kidogo au lisilo nayo kabisa.

B1 ya kawaida au benfotiamini?

B1 inawahusu zaidi watu wa pombe ya muda mrefu, wajawazito wanaotapika mfululizo, na wanaoishi kwa wali mweupe au sembe bila kunde wala kitoweo, kwa sababu kukoboa nafaka huondoa sehemu kubwa ya B1. Dona ina zaidi kuliko sembe. Kwa hao, B1 ya kawaida ya miligramu 100, ambayo ni rahisi na ipo, ndiyo ninayoipendekeza. Mnywaji aliyechanganyikiwa, asiyeweza kutembea sawasawa na macho yanacheza, huyo ni wa hospitali usiku huohuo, kwa B1 ya sindano.

Benfotiamini ni aina ya B1 inayonyonywa vizuri zaidi na huuzwa ghali, ikiwalenga wenye kisukari. Matokeo ya tafiti zake yamegongana: baadhi yanaonyesha nafuu kidogo ya maumivu, mengine hakuna. Haina madhara makubwa yanayojulikana. Kama fedha ni ya kubana, weka kwenye vipande vya kupimia sukari.

Alfa-lipoiki au karnitini?

Asidi ya alfa-lipoiki ndiyo inayotangazwa zaidi kwa ganzi ya kisukari. Ujerumani imetumika kwa miaka mingi, na utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba miligramu 600 kwa siku kwa wiki tano zilipunguza kuchoma na maumivu. Lakini tathmini ya mwaka 2024 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za tiba, iliyoangalia miezi 6 na zaidi, iliona faida ndogo sana au hakuna. Mimi nasema hivi: mwenye kisukari ambaye sukari yake imetulia, B12 yake imepimwa, na bado nyayo zinachoma, akiwa na uwezo anaweza kujaribu miligramu 600 kwa miezi mitatu. Asipoona tofauti, aache. Aongeze umakini kwenye sukari pia, maana inaweza kuishusha zaidi kwa anayetumia insulini au dawa za kushusha sukari kama glibenklamidi. Kichefuchefu ni kawaida dozi zikipanda.

Asetili-L-karnitini ina ushahidi mdogo zaidi kwa kisukari, na kwa wagonjwa wa saratani naiogopa. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2013, kwa wanawake wenye saratani ya matiti waliokuwa wakipewa dawa za saratani za kundi la taksani, uliwapa karnitini ili kuwakinga na ganzi. Waliopewa karnitini walipata ganzi zaidi kuliko wasiopewa. Ukiwa na ndugu anayetibiwa hospitali ya saratani ya Ocean Road, usimpelekee kopo lolote la neva kabla daktari wake hajaliona, hata kama umelinunua kwa upendo.

Magnesiamu, vitamini D, vitamini E, mafuta ya samaki: vitamini D ikipungua kweli, irekebishwe kwa faida ya mifupa na misuli, na magnesiamu inafaa kwa aliyepungukiwa. Zaidi ya hapo sioni sababu ya kuvinunua kwa ajili ya ganzi. Vitamini E kwa dozi kubwa huongeza hatari ya kutokwa damu kwa wanaomeza dawa za kuyeyusha damu.

Virutubisho au dawa za maumivu?

Watu huzichanganya, lakini kazi zake ni mbili. B12 kwa aliyepungukiwa hutibu chanzo na haitulizi moto wa leo usiku. Amitriptilini kwa dozi ndogo jioni, gabapentini, pregabalini au duloksetini, zote kwa cheti cha daktari, hutuliza moto wa leo na hazigusi chanzo. Mara nyingi mtu anahitaji vyote viwili kwa muda. Amitriptilini ni rahisi kwa bei, ila wazee huamka na kizunguzungu na mdomo mkavu, na wanaume wenye tezi dume iliyovimba hushindwa kukojoa. Diklofenaki na panado, ambazo ndizo watu wanazoanza nazo, hazisaidii sana maumivu ya neva, na diklofenaki huumiza figo ambazo kisukari kimeshazisumbua.

Kuhusu muda: neva iliyoumia hukua tena karibu milimita moja kwa siku. Kutoka chini ya goti hadi vidoleni ni zaidi ya mwaka, ikiwa itakua. Anayekuahidi nafuu ya siku saba anauza kitu kingine.

Usije famasi, nenda hospitali

Ganzi inayopanda kwa siku chache tu huku miguu ikikosa nguvu. Uso na mkono wa upande mmoja kulegea ghafla. Ganzi sehemu za siri pamoja na kushindwa kuzuia mkojo au haja kubwa. Kidonda kwenye unyayo usiosikia maumivu, hata kidogo, kwa mwenye kisukari. Haya ni ya Amana, Temeke, Mwananyamala au popote palipo karibu, leo.

Mzee alirudi baada ya wiki mbili na karatasi ya maabara: B12 yake ilikuwa 148. Alianzishiwa sindano, metfomini akaendelea nayo kwa ushauri wa daktari, omeprazoli ikasimamishwa. Mwezi wa nne wa matibabu aliniambia usingizi umerudi, ingawa vidole viwili vya mguu wa kushoto bado havisikii vizuri. Nilimwonyesha mkewe namna ya kuangalia nyayo kila jioni chini ya taa, katikati ya vidole pia, na kupima maji ya kuoga kwa kiwiko chake yeye kabla mzee hajaingiza mguu. Kandambili zile zilizokuwa zinamchubua katikati ya vidole wamezitoa. Sasa anavaa viatu vya wazi vyenye mkanda mpana, na kabla ya kuvaa anavikung'uta, maana aliwahi kutembea kutwa nzima na kijiwe ndani bila kujua.